Ng'ombe Waliotupatia Mwenyekiti

Uwanja wetu wa mpira umejengwa na uchaguzi. Goli la mashariki lina nguzo za chuma kwa sababu mgombea mmoja aliahidi magoli mawili, akaleta moja kabla ya kura na kusema la pili litafuata akishapita. Hakupita. Kwa hiyo goli la magharibi kwa miaka mingi lilikuwa la miti ya mgunga, na mti wa juu ulikuwa umebonyea katikati kama mgongo wa punda. Makipa wafupi waligombea kuanza upande huo. Mgombea mwingine alitujengea jukwaa la ngazi chache, akasimamisha na nguzo za kubebea paa. Huyo alipita, lakini nadhani njia ya kurudi ilimpotea, maana paa tunalisubiri mpaka leo na nguzo zimebaki kuwa mapumziko ya kunguru.

Mji wenyewe ni mdogo, upande wa Kongwa, kando ya lami. Wazee wanasema eneo la uwanja lilisawazishwa na tingatinga za Wazungu wa karanga, wale waliokuja zamani kulima karanga kwenye nchi ambayo haikuwa imewaomba, wakashindwa, wakafungasha. Kama ni kweli, basi mahali hapo tambarare ndiyo mavuno yao pekee. Walipoondoka hawakumkabidhi mtu. Watoto wakaanza kucheza, watu wazima wakawafukuza wakacheza wao, na mpaka mimi naolewa hapa kulikuwa na vilabu vitatu na kila kimoja kilisema uwanja ni wake.

Cha kwanza kilikuwa cha watu wa sokoni, tukikiita Sokoni, na mwenyekiti wake alikuwa mwuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliokwisha kufa. Cha pili kilikuwa cha upande wa mashine ya kusaga, tukikiita Mashineni, na mwenyekiti wake ndiye mwenye mashine hiyo, ya kusaga unga na kukamua alizeti. Alikuwa mwembamba, mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na alizungumza polepole kama anayesoma risala. Mwuza nyama alikuwa amemwoa dada yake. Kwa hiyo walikuwa mashemeji, na walichukiana kwa adabu zote za ushemeji: shikamoo kwa wazee wa kila upande, pole kwenye misiba, na kwenye mpira hakuna anayemjua mwenzake.

Klabu ya tatu ilikuwa ya netiboli, yaani sisi wanawake, na hatukuwa na mwenyekiti wa kutisha mtu. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Ni fundi cherehani, nimetoka Iringa, na Mungu alinipa urefu ambao kwa mwanamke wa kawaida hauna kazi, ila kwenye netiboli unakufanya mfungaji hata kama hujui kufunga. Jezi za Sokoni nashona mimi, za Mashineni nashona mimi, kwa hiyo wote walinichukulia kuwa sina upande. Mume wangu ni Mashineni wa kulia machozi, lakini hilo halikuhesabiwa kuwa kosa langu. Sisi tulichezea kwenye kona nyuma ya goli la miti, pale wanaume walipokuwa wakiegesha pikipiki. Tukitaka kucheza, tulianza kwa kuomba pikipiki zihamishwe.

Mwaka mmoja mvua zilikuwa nzuri, na katika ule mshtuko wa mvua nzuri watu wakapata wazimu wa maendeleo. Mtu wa Mashineni alisema uwanja upandwe nyasi. Hakuna aliyewahi kuona uwanja wa nyasi upande wetu. Tulichokuwa nacho ni vumbi jekundu na mbigili, na mchezaji akianguka alisimama na miiba kama nungunungu. Mwuza nyama hakutaka kushindwa na shemeji yake, akasema yeye atatoa samadi ya machinjioni. Shemeji yake akasema yeye atavuta mpira wa maji kutoka kisima cha mashineni. Wakapongezana mbele ya watu. Kisha wakatazama upande wetu.

“Akina mama mtatusaidia kupanda,” alisema mwuza nyama.

Kusaidia kupanda maana yake ilikuwa hivi: tulishuka korongoni wanawake wa netiboli, tukang'oa ukoka, tukaupandisha kwa viroba kichwani, tukauchomeka shina moja moja, tumeinama, kuanzia goli la chuma mpaka goli la miti. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni karibu mvua zote. Mgongo wangu uliniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika. Wanaume walikuja kutuonyesha mahali ambapo mstari haujanyooka.

Lakini uliota. Mwezi wa sita, mji wote ukiwa na rangi ya tofali, uwanja wetu ulikuwa kijani. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuutazama. Bwana harusi mmoja alileta bibi harusi wake wakapigwa picha wamelala kwenye duara la katikati. Mashemeji wale wawili walikuwa wakikutana pale asubuhi, kila mmoja na kijiti mdomoni, wakitembea juu ya nyasi kama wenye shamba, na mume wangu aliapa kwamba aliwasikia wakicheka pamoja.

Mechi ya Sokoni na Mashineni ilipangwa mwezi wa nane. Jumapili moja kabla ya mechi hiyo nilitoka kanisani nikapita njia ya uwanjani, nimevaa kofia yangu nzuri. Nilisikia kutafuna kabla sijaona. Ng'ombe walikuwa wamejaa uwanja mzima. Wengine walikuwa wamekwisha shiba na kulala ndani ya eneo la hatari, wakicheua kwa utulivu wa watu waliokula harusini. Dume moja jeupe lilikuwa limenasa wavu wa goli la chuma kwenye pembe, nalo lilitembea nao begani kama shela. Ukoka ulikuwa umekwenda mpaka kwenye mizizi. Nilivua kofia, nikakaa kwenye ngazi ya jukwaa, na nakumbuka nilichowaza kilikuwa kiuno changu.

Habari ilifika makanisani na msikitini kwa pamoja, na baada ya muda mfupi mashemeji walikuwa wamefika, mmoja na suti ya kanisani, mwingine na kanzu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mji wetu Sokoni na Mashineni walikubaliana jambo: ng'ombe wakamatwe. Ng'ombe hawakukubali. Walitawanyika kila upande, na likabaki lile dume lenye wavu, ambalo halikuwa likiona vizuri. Walilikokota mpaka mashineni, wakalifunga kwenye mwembe wa uani, pembeni ya mashudu ya alizeti. Kufikia jioni dume lilikuwa limekula mashudu ya kutosha kunenepesha zizi zima. Mwenye mashine aliendelea kusema kwamba ni ushahidi, hauwezi kuachiwa.

Mwenye ng'ombe alikuja kesho yake kwa bodaboda, kakaa nyuma, madumu ya maziwa yananing'inia kulia na kushoto. Tulimjua wote. Alikuwa mjane wa Kigogo, wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kuinua gunia, na kundi lake lilikuwa kubwa kuliko la mwanamume yeyote upande ule. Mwuza nyama alikuwa akinunua kwake ng'ombe wa kuchinja. Alishuka, akapanga madumu yake vizuri kivulini, akatusalimia.

“Mbukwenyi! Nimeambiwa mna mgeni wangu hapa.”

“Mgeni wako amekula uwanja,” alisema mwenye mashine.

“Na huku naona anakula mashudu. Mmemkaribisha vizuri, nashukuru. Nimemfuata.”

“Mama, hapa kuna hasara. Utalipa.”

Akachukua ugoro kwenye kikopo, akavuta taratibu, akapiga chafya. “Nitalipa,” alisema. “Mimi si mtu wa kukimbia deni. Nimlipe nani?”

“Mimi,” alisema mwenye mashine, na mwuza nyama akasema neno hilohilo kwa wakati uleule. Wakatazamana. Ule urafiki wa miezi miwili uliisha palepale, mbele ya dume lililokuwa bado na kipande cha wavu sikioni.

Kesi ikaenda baraza la kata. Siku hizi baraza halihukumu, linasuluhisha tu, na msuluhishi wetu alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kusomea, mtu aliyezoea ugomvi wa kuku na mipaka ya vyoo. Tulijaa ofisini mpaka dirishani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya klabu ya netiboli, ingawa hakuna aliyekuwa amenialika.

Mzee alianza vizuri. Akamuuliza mama mwenye ng'ombe kama ng'ombe walikuwa wake. Akasema ni wake. Kama walikula nyasi. Walikula, na maziwa ya juma hilo yalikuwa matamu. Watu wakacheka. Kisha mzee akawageukia wadai, akauliza swali ambalo nadhani aliliona dogo.

“Mwenye uwanja ni nani?”

Mwuza nyama alisema ni Sokoni, kwa sababu baba yake ndiye aliyeung'oa visiki. Mwenye mashine alisema ni Mashineni, kwa sababu uko upande wa mashineni wa barabara, na maji yalikuwa ya nani? Mwuza nyama akauliza samadi ilikuwa ya nani. Mwenye mashine akasema kama uwanja ni wa aliyetoa mavi, basi ni wa ng'ombe, na kesi imekwisha. Sauti zikapanda. Yakatoka mambo ya mahari ambayo hayakumaliziwa, na sufuria kubwa lililoazimwa kwenye msiba lisirudishwe. Mzee wa miwani aligonga meza kwa kalamu, kalamu ikavunjika.

Muda wote huo mama mwenye ng'ombe alikuwa amekaa kwenye benchi kando yangu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Akaninong'oneza, “Wewe mlingoti, hizo nyasi walipanda wao?”

“Tulipanda sisi.”

“Nilijua. Hawa hata migongo yao haijapinda.” Akasimama. “Baba, nisamehe,” alimwambia msuluhishi. “Nikimlipa huyu, yule atanidai. Nikimlipa yule, huyu hatanunua ng'ombe wangu. Watafute mwenye uwanja. Wakimpata waniite, nitakuja na malipo yangu mkononi. Sasa hivi naomba dume langu, limevimbiwa.”

Mzee alishukuru kwa sauti. Dume likaenda nyumbani.

Tungeishia hapo, kila mtu na hasira zake, kama si mtu mmoja aliyefika kutoka Dodoma mjini na gari safi. Tangu serikali ihamie Dodoma, ardhi imekuwa na miguu. Kila anayepita barabarani anatazama vichaka kama anatazama benki. Huyu alisimama kando ya uwanja wetu, akashuka na kijana wa kushika utepe, wakapima. Alitaka kujenga sheli ya mafuta. Alikuwa na adabu sana. Alimuuliza kila aliyekutana naye eneo lile ni la nani, na kila mmoja akamjibu kwa kujiamini jina tofauti, naye alizidi kutabasamu.

Hapo ndipo tulipopata akili ya kwenda kwa afisa ardhi. Alikuwa dada mdogo, mwenye wigi zuri, na alitusikiliza bila kutucheka, jambo nililoliona la kishujaa.

“Kwenye ramani hili ni eneo la wazi la michezo,” alisema. “Ni la umma. Siyo la Sokoni, siyo la Mashineni. Lakini likikaa hivi bila mtu wa kulisemea, mtu akiomba libadilishwe matumizi, nani atakuja kupinga? Undeni bodi moja ya wadhamini ya vilabu vyote. Bodi isajiliwe, iombe kukabidhiwa uwanja. Simple tu.”

Ilikuwa rahisi kweli, isipokuwa bodi inatakiwa kuwa na mwenyekiti.

Tulikutana darasani, shule ya msingi, kwenye madawati ambayo magoti yangu hayaingii. Sokoni walisema mwenyekiti awe mwuza nyama. Mashineni wakasema wako tayari uwanja uwe sheli. Mashineni wakampendekeza mwenye mashine. Sokoni wakasema sheli angalau ina choo. Mtu alimpendekeza padri. Ikaonekana padri anashangilia Sokoni chini chini. Wakataka sheikh; sheikh alikuwa mjomba wa kipa wa Mashineni. Mwalimu mkuu alisema yeye asitajwe kabisa, ana familia. Tulikutana tena, na tena, na yule bwana wa sheli alikuwa akipita kila mara kutusalimia.

Mkutano wa mwisho niliuvumilia mpaka nikasikia dawati linanikatia damu ya miguu. Nikasimama. Nilitaka kwenda nyumbani tu.

“Basi mpeni mwenye ng'ombe!” nilisema. “Yeye hampendi yeyote kati yenu!”

Nilikuwa natukana. Lakini nikaona uso wa mwuza nyama ukipiga hesabu, na wa shemeji yake pia. Yule mama si Sokoni. Si Mashineni. Mpira wenyewe anauona ni watu wazima kugombania ngozi. Hakuna mtu hata mmoja mjini aliyeweza kumwambia afanye jambo.

“Siyo mbaya,” alisema mwenye mashine polepole, “mradi asiwe huyu.”

“Na mimi naunga mkono,” alisema mwuza nyama, “mradi asiwe yeye.”

Wakanituma mimi kwenda kumwambia, kwa kuwa wazo lilikuwa langu na wao walikuwa bado wanamdai.

Nilikwenda na bodaboda mpaka njia ilipokwisha, nikamalizia kwa miguu. Boma lake lilikuwa na uzio wa minyaa, umeshikana mpaka mbwa hapiti. Nilimkuta anakamua. Aliponiona alicheka kabla sijafungua mdomo.

“Karibu, mlingoti. Nani kakung'oa uwanjani?”

Nilimwambia nimetoka Iringa, ni Mhehe. Akaacha kukamua. Wagogo na Wahehe ni watani, na kwa mtani milango ya matusi huwa wazi. Alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Alinitukana urefu wangu, kabila langu, mume wangu aliyenioa bila ngazi, na mimi nikamrudishia ufupi wake na ugoro wake, mpaka tukafikia mahali pa kula. Alinipa ugali wa uwele na mlenda. Nikamweleza.

Hakucheka, kinyume na nilivyotarajia. Alilamba kidole, akafikiri.

“Unajua kwa nini ng'ombe wangu walipita pale?” aliuliza. “Pale ni njia yao ya kwenda kunywa maji lamboni. Mume wangu alipita pale, na baba yake. Nyie mmeweka magoli kwenye njia ya ng'ombe, halafu mnawashangaa ng'ombe.”

“Hilo hukulisema barazani.”

“Nani aliniuliza? Waliniuliza kama walikula.” Akanimiminia maziwa. “Nitakubali. Lakini njia iachwe kando ya uwanja, upana wa kundi kupita. Na nipate kiti chenye kivuli, sikai kwenye jua kuangalia ujinga. Na yale malipo ya nyasi nitawapa waliopanda. Nitawapa mtamba mmoja, mumlee au mumle, shauri yenu. Na wewe unataka nini?”

Nilimuuliza ana maana gani.

“Wale wanataka uenyekiti. Mimi nataka njia. Wewe umetembea mpaka hapa juani. Unataka nini?”

Miaka yote niliyoshona jezi za watu, niliyobeba ukoka, niliyokaa kwenye mikutano ya madawati, sikumbuki mtu kuniuliza hivyo kuhusu uwanja ule. Nikasema tunataka Jumamosi yetu. Jumamosi nzima, bila kuomba pikipiki zihamishwe. Na mahali palipopigwa mistari.

“Hicho tu?” alisema. “Nyinyi Wahehe mnajua kuomba kidogo.”

Alivyouongoza uwanja ni kama alivyoongoza zizi. Vikao vilikuwa nyumbani kwake, saa za kukamua, na kila mjumbe alipewa kazi ya kufanya huku akizungumza. Nilimwona mwenye mashine amekaa juu ya kigoda, ameshika ndama kwa masikio, anachangia hoja. Hotuba zilipungua sana. Mashemeji walipogombana mara ya kwanza mbele yake, juu ya nani avalie kwenye chumba cha kubadilishia nguo ambacho hatuna, aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Mmemaliza?” Wakasema ndiyo. “Lile goli la miti linanitia aibu,” alisema. “Mliogombana mtaleta la chuma. Nusu kwa nusu. Mkigombana tena kuna jukwaa halina paa.” Goli likaja. Mwuza nyama aliupaka rangi za Sokoni mlingoti wake, shemeji yake akapaka za Mashineni wa kwake, na mwamba wa juu walishindwa kuelewana, ukabaki na kutu.

Ukuta wa kuzungushia uwanja ambao tulikuwa tumeusubiri kila uchaguzi hakuutaja kabisa. Alileta matawi ya minyaa kwenye mkokoteni, tukachomeka kuzunguka uwanja, tukaacha pembeni njia ya ng'ombe. Safari hii alisimama mwenyewe kuhakikisha wanaume wanainama. Mwuza nyama aliomba kusimamia mstari, alipewa jembe.

Bwana wa sheli alirudi na utepe wake akakuta uzio, na ndani ya uzio mwanamke mfupi kwenye kiti cha plastiki. Sikusikia walichozungumza. Niliona tu yule mama anampa kikombe cha maziwa, anainamisha kichwa kumsikiliza, kisha anamsindikiza mpaka kwenye gari, amemshika mkono. Sheli ilijengwa ng'ambo ya barabara, mbele kidogo, na kwa kweli choo chake kinatusaidia siku za mechi.

Usajili wa bodi ulitupeleka Dodoma mjini mimi na yeye, mara kadhaa, kutoka dirisha moja hadi lingine. Alipochoka kungoja alinisuka nywele palepale kwenye kiti cha ofisi, mlinzi akatutazama, akaona aache. Hati ya kutukabidhi uwanja ilipotoka aliniambia niisome kwa sauti ndani ya basi. Niliposoma maneno “kwa matumizi ya michezo na kwa manufaa ya wakazi wote,” abiria wa kiti cha nyuma akasema amina.

Nyasi hazikurudi kama zilivyokuwa. Mvua zilizofuata zilikuwa chache, ukoka uliota kwa mabaka, na mbigili ikapata nafasi yake. Mashineni waliwafunga Sokoni kwenye mechi iliyocheleweshwa, mume wangu akalia machozi kama kawaida yake. Mwenyekiti wetu alilala kipindi chote cha pili, mdomo wazi. Alipoamshwa kukabidhi kikombe alimkabidhi aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa kapteni wa waliofungwa, na ilichukua muda kumnyang'anya.

Jumamosi yetu ya kwanza ilikuwa baada ya hapo. Mistari ilipigwa kwa chokaa ya kweli, na pete zilichomelewa na fundi yuleyule aliyechomelea goli. Tulialika timu ya wanawake kutoka Mpwapwa, wakaja na basi dogo wakiimba, wasichana wenye mapaja ya kuruka. Mtamba wetu, ambaye tuliamua kumlea, alifungwa nyuma ya jukwaa kwa heshima. Watu walijaa kuliko nilivyodhani. Sikuona pikipiki hata moja ndani ya uzio.

Tulifungwa vibaya. Mpira ulizunguka kwenye pete, ukanitazama, ukatoka. Wasichana wa Mpwapwa walitupita kama tumepandwa ardhini. Kwenye kiti chake cha plastiki mama mwenye ng'ombe alikuwa macho kabisa, amesogea mpaka ukingoni, kikopo cha ugoro kimemwagika miguuni na hajui.

“Mhehe!” alipiga kelele. “Urefu wote huo ni wa kuanikia nguo?”

Uwanja mzima ulicheka, na mimi nikacheka mpaka nikaudondosha mpira. Refa alipiga filimbi, mpira wakapewa wao.

Tulipomaliza alinijia uwanjani, anapumua kwa hasira kama aliyecheza yeye. Akaniuliza mara ngapi kwa juma tunafanya mazoezi. Nikamwambia. Akasema haitoshi, na kwamba Jumanne atakuja mwenyewe kutazama, na yule mwembamba wa kati asipokimbia atamfukuza. Kisha akaenda kumfungua mtamba aliyekuwa anakula mkeka wa mtu.

Nilitembea nyumbani na miguu mizito. Mume wangu alikuwa ametangulia, na kwa kunipongeza alikuwa amepika ugali. Ulikuwa na mabonge. Nilikula wote.